Kabla ya Kutia Sahihi: Ubia, Kampuni na Wakala



Mtu akinunua ng'ombe humtazama kiwele, meno na miguu kabla ya kutoa fedha. Lakini mtu huyo huyo akiletewa karatasi na jirani yake ili "tufanye biashara pamoja", mara nyingi huitia sahihi bila kuuliza ni karatasi ya namna gani. Huja ofisini kuuliza baadaye, wakati deni limekwisha kufika mlangoni.

Ziko namna tatu ambazo mtu hujifunga na mwenzake katika biashara: ubia, kampuni na uwakala. Yafaa kila mkulima azijue. Chama cha ushirika kina sheria yake mbali, nacho hatukielezi hapa.

UBIA

Ubia ni watu wawili au zaidi kufanya biashara pamoja ili wapate faida. Sheria yake ni ya mwaka 2012. Wengi hudhani kwamba pasipo karatasi hapana ubia. Sivyo. Tuseme wewe na jirani zako wawili mmechanga fedha, mkanunua pikapu ya kupeleka maziwa ya watu kiwandani, nanyi mnagawana faida kila mwisho wa mwezi. Hamkuandika hata neno moja. Hata hivyo, ninyi ni wabia.

Sasa mmoja wenu aenda mjini, achukua kwa mkopo mipira ya gari na mafuta ya Sh. 150,000 kwa jina la biashara yenu, kisha ahama asionekane tena. Ni nani atakayelipa? Ni ninyi mliobaki. Mbele ya sheria kila mbia ni mkono wa wenzake katika kazi ya ubia. Alilolifanya mmoja kwa ajili ya biashara ni kama mmelifanya wote.

Wala deni halikomi kwenye pikapu. Mali ya ubia isipotosha, mwenye duka aweza kwenda mahakamani, na akishinda, dalali wa mahakama aweza kuja kwa ng'ombe wako wa nyumbani, ambao hukuwaingiza katika biashara hiyo. Tena mwenye duka halazimiki kuligawa deni mafungu matatu. Aweza kulitafuta lote kwa yule mwenye mali. Wewe utakuwa na haki ya kuwadai wenzako sehemu zao, lakini kumpata aliyekimbia ni kazi nyingine.

Mwaweza kupatana kwamba hakuna atakayekopa bila idhini ya wote. Mapatano hayo ni mema, lakini hayatakulinda kwa mwenye duka asiyeyajua. Kwa hiyo mwambieni. Kadhalika mkiacha kutaja mgawanyo, sheria huhesabu kwamba faida na hasara ni sawa kwa sawa, hata ikiwa mmoja alitoa fedha nyingi kuliko wengine.

Usiogope, hata hivyo, kwamba kila kitu cha pamoja ni ubia. Ndugu wawili wakiwa na shamba moja, hiyo peke yake haiwafanyi wabia.

KAMPUNI

Kampuni ni kitu kingine. Ikisha kuandikishwa serikalini, mbele ya sheria huwa kama mtu kamili: ina jina lake, mali yake na madeni yake. Jambo hili lilithibitishwa London mwaka 1897 katika kesi ya mshona viatu aitwaye Salomon. Kampuni yake ilianguka, waliodai wakataka alipe yeye. Mahakama kuu ya huko ikasema kampuni si Salomon, na Salomon si kampuni. Sheria yetu ya makampuni ya mwaka 2015 yashika njia hiyo hiyo. Mtu mmoja peke yake aweza kuanzisha kampuni, na kampuni ya binafsi haipiti wanachama 50.

Faida yake ni hii: katika kampuni ya hisa, ukisha kulipa bei ya hisa zako, deni la kampuni halikufuati nyumbani. Lakini tahadhari mbili ni lazima.

Kwanza, benki ikiikopesha kampuni ndogo, mara nyingi huwataka wakurugenzi watie sahihi ya udhamini. Ukisha kuitia, ile ngao umeiweka chini kwa mkono wako mwenyewe.

Pili, hisa si ardhi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wengi walichanga fedha katika makampuni ya kununua mashamba makubwa. Mwenye cheti cha hisa alidhani ana shamba. La, shamba lilikuwa la kampuni, mpaka siku ligawanywe na yeye apate hati yenye jina lake. Ukialikwa leo kununua "hisa za ardhi", uliza hati ya shamba imeandikwa jina la nani.

UWAKALA

Wakala ni mtu unayemtuma afanye jambo kwa niaba yako. Huhitaji kumwita wakala ili awe wakala. Tuseme kila mwezi humtuma kijana wako kuchukua dawa ya kuogeshea mifugo kwa mkopo, nawe hulipa. Mwezi wa saba mwagombana, wamfukuza. Yeye aenda dukani kama kawaida, achukua dawa, aiuza. Mwenye duka hakuambiwa neno. Deni hilo laweza kuwa lako, kwa sababu ni wewe uliyemzoeza mwenye duka kumwamini. Siku unapomwachisha mtu kazi, mpelekee habari kila aliyekuwa akimpa mali kwa jina lako.

Wakala naye ana wajibu. Ukimtuma auze mahindi, lazima akupe hesabu ya kweli, wala asichukue chai ya siri kwa mnunuzi.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Uliza kwanza: je, huu ni ubia, ni kampuni, au ni uwakala?
2. Andikeni mapatano: nani ametoa nini, nani aweza kukopa, na mtu atatokaje.
3. Ukitoka katika ubia, watangazie wote mliokuwa mkifanya nao biashara. Madeni ya wakati wako bado yatakuhusu.
4. Karatasi usiyoielewa, ipeleke kwa wakili kabla ya kutia sahihi au kidole gumba.

Jirani mwema hatakasirika ukimwambia, "Ngoja kwanza niisome." Akikasirika, amekwisha kukuonyesha mbia wa namna gani angekuwa.