Bahashishi Melini: Shukrani au Rushwa?

Uondokapo Ngonga pamoja na jamaa zako kwenda kupanda meli ya Mbamba Bay, nauli siyo gharama pekee. Yuko mchukuzi wa mizigo, yuko na mhudumu wa chakula. Utawapa nini?

Katika meli za anasa za watalii, mara nyingi bahashishi huandikwa katika hesabu ya abiria. Na fedha aliyotunukiwa kwa matumizi ya melini kwa kawaida hupotea asipoitumia kabla ya kushuka. Ziwani Nyasa, msafiri huamua mwenyewe.

MV Mbeya II, iliyoanza safari mwaka 2021, ilijengwa kuchukua abiria 200 na tani 200 za mizigo. Nafasi ikiwa haba, kishawishi huingia. Basi pima hivi: ujira wa mchukuzi ni haki yake, patana naye kabla hajainua mzigo. Bahashishi ni shukrani. Hutolewa kwa hiari, baada ya huduma. Kinachotolewa kabla, ili upewe nafasi ya mwenzio, ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji.

Tenga fungu la bahashishi ungali nyumbani, mbali na fedha ya chakula. Shukrani isiyo na kipimo huwalaza watoto na njaa.