Mtoto Anayejipinda Baada ya Kula

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto mwenye ulemavu mkubwa, hasa wa mtindio wa ubongo, ambaye kila akimaliza uji hulia, hukakamaa na kujipinda nyuma kama upinde. Jirani atasema ni degedege. Mwingine atasema amerogwa, au ni ukaidi tu. Mara nyingi ni kiungulia, nacho kinamuunguza kweli.

Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Kwa mtoto huyu msuli huo mara nyingi hulegea, tumbo hushusha chakula polepole, naye hushinda amelala chali. Basi chakula hupanda juu pamoja na tindikali. Hawezi kusema kifua kinamwaka. Ninyi mtaona anacheua, anakohoa usiku, anakataa kijiko, meno yanalika, uzito hauongezeki. Chakula hicho kikiingia njia ya hewa, ndipo tunapompokea wodini na nimonia, tena na tena.

Dawa ya kwanza ni namna ya kumlisha. Tunawaona akina mama (na mabibi zaidi, maana ndio wanaobaki nyumbani) wakimlaza mtoto mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, uji ukimiminwa haraka. Hivyo ndivyo anavyopaliwa. Mketisheni wima, nyonga na magoti yamekunjwa, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kiwe kidogo. Ameze kwanza, ndipo kifuate kingine. Mlisheni kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, si bakuli kubwa mara 2. Uji mzito kiasi haupandi upesi kama wa majimaji. Akishakula akae wima nusu saa au zaidi, na asifungwe mgongoni, maana tumbo litaminywa. Angalieni choo pia. Mtoto aliyefunga choo siku 4 atacheua tu.

Hayo yasipotosha, daktari anaweza kuandika omeprazoli kwa kipimo cha uzito wake, inywewe kabla ya chakula. Hupunguza tindikali na maumivu lakini haizuii kucheua, kwa hiyo msishangae shuka likiendelea kulowa. Chembe za ndani ya kapsuli zisisagwe. Mwenye ranitidini ya zamani kabatini amwulize daktari kwanza: Marekani ilitaka iondolewe madukani mwaka 2020 kwa kuhofia saratani. Magadi na majivu msimpe kabisa.

Dawa ya kifafa nayo msiikatishe kwa kudhani kila kujipinda ni kiungulia. Mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili. Andikeni alikula saa ngapi na alijipinda saa ngapi, kwa wiki moja, mje kliniki na karatasi hiyo. Inatusaidia kuliko maelezo marefu.

Lakini akitapika damu, au kitu kama machicha ya kahawa, au matapishi ya kijani, au akipumua kwa shida, msingoje siku ya kliniki. Mleteni usiku huohuo.