Nani Analipa Kahawa ya Jessica?

Ndugu msomaji, hebu taja hadithi za mawaidha ya Kikristo katika mabweni yetu. Jibu utakalopata ni moja tu: "Hiyo kasumba bwana, achana nayo." Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliojibu hivyo. Makala haya yananuia kueleza kwa nini nimebadili msimamo, ingawa si wote. Mfano nitakaoutumia ni kazi ya Hesba Stretton, mwandishi Mwingereza wa zama za Malkia Victoria, na nitaisoma kwa macho ya mtu aliyekulia Karatu.

Tuanze na mwandishi mwenyewe. Jina lake halisi ni Sarah Smith, binti wa muuza vitabu, aliyezaliwa mwaka 1832 katika mji wa Wellington, Shropshire. "Hesba" ni herufi za kwanza za majina yake na ya ndugu zake, na "Stretton" limetokana na kijiji cha All Stretton. Kabla ya kuwaandikia watoto aliandikia jarida la Charles Dickens. Kitabu kilichompa jina ni Jessica's First Prayer, yaani Sala ya Kwanza ya Jessica, kilichotolewa mwaka 1867 na Religious Tract Society, chama cha kuchapisha maandishi ya dini. Hadi karne ile inakwisha, nakala zaidi ya milioni moja na nusu zilikuwa zimeuzwa. Kwa hiyo tumpinge tukitaka, lakini tusimdharau.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jessica ni mtoto pekupeku wa mitaa ya London, mama yake ni mlevi. Asubuhi moja anajibanza penye kibanda cha kahawa cha Daniel, chini ya daraja la reli, akinusa tu. Daniel anamwonea huruma ya kupima: aje siku moja kwa wiki, apewe kahawa iliyobaki na kipande cha mkate. Baadaye mtoto anagundua siri. Kumbe Daniel huyu ndiye mtunza kanisa la matajiri, na hataki waumini wajue kwamba anauza kahawa mtaani na kujilimbikizia fedha! Mchungaji anapomfundisha Jessica kusali, mtoto anaomba mambo mawili: amjue Mungu, na Mungu amlipe Daniel ile kahawa. Mwishowe Jessica anaugua. Daniel anamtafuta, anamkuta amelala peke yake katika chumba duni, na hapo anakiri kwamba alipenda pesa kuliko Mungu. Anamchukua na kumlea.

Sasa tuangalie dhamira. Wengi hudhani hadithi kama hii inamfunza mtoto awe mwaminifu na mtiifu, basi. Kweli, ipo sehemu ambapo sarafu ya Daniel inaanguka, Jessica anaikanyaga aifiche, kisha anairudisha na kukiri. Lakini jiulize: ni mhusika gani anayebadilika? Si Jessica. Anayebadilika ni Daniel, mtu mzima, mtu wa kanisani. Mtoto anaomba mfadhili wake alipwe, na kwa kuomba hivyo anamwonyesha mfadhili jinsi alivyotoa kwa kubana. Mawaidha yanampiga aliye juu, siyo aliye chini. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa bwenini.

Hata hivyo wana hoja. Stretton hagusi vya kutosha ukinzani wa kitabaka. Mama anahukumiwa kwa ulevi wake, lakini ule umaskini hauulizwi umetoka wapi. Mtu mmoja mwema anaokoa mtoto mmoja, na wale wengine waliobaki mitaani je? Ila mwandishi hakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1884 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha London cha kuzuia ukatili kwa watoto, na mwaka 1889 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalinda. Riwaya iliacha swali, mwandishi akalifuata nje ya riwaya.

Karatu inaingiaje? Inaingia kwa njia ya kahawa. Kahawa ya Jessica haikuwa yetu, maana mashamba ya walowezi wa Kijerumani kule Oldeani yalikuja baadaye sana, kati ya vita vikuu viwili. Lakini sisi tuliokulia chini ya msitu wa Ngorongoro tunaijua kahawa kwa debe kuliko kwa kikombe. Inachumwa, inakaushwa, inakwenda zake mnadani na ng'ambo, na nyumbani tunakunywa chai. Katika kitabu cha Stretton mchumaji haonekani kabisa, kana kwamba kahawa huota kibandani. Halafu yupo mtoto wa kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, anayepungia mkono magari ya watalii. Naye ananusa tu, jamani.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza kwa mhakiki ni hiki: hadithi ya mawaidha inamdai nani? Ikimdai mtoto peke yake, akae kimya na ashukuru, hiyo ni kasumba na tuipinge. Ikimdai mkubwa mwenye kibanda na ufunguo wa kanisa, ina kazi ya kufanya hata leo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert imejaa mawaidha tangu jina lake, mbona hatuitupi?

Wengi wetu tutakuwa walimu. Siku ukimsimulia Jessica darasa la tano pale Karatu, usiwaulize watoto wamejifunza nini. Waulize Daniel alikuwa na deni gani, halafu kaa usikilize. Usishangae wakianza kutaja watu unaowajua.