Mkono wa Uza: kifo kando ya Sanduku la Agano

Miongoni mwa masimulizi ya Agano la Kale yanayowatatiza wasomaji na kuwakwepesha wahubiri, ni machache yanayochoma kama kisa cha Uza, mwana wa Abinadabu, kilichomo katika sura ya 6 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, kwa kuwa anayekufa humo si mwuaji, wala mwabudu sanamu, wala msaliti, bali ni mtu aliyenyosha mkono ili kitu kitakatifu kisianguke. Gari lililobeba Sanduku la Agano lilipofika penye uwanja wa kupuria nafaka wa Nakoni, ng'ombe walijikwaa, Uza akalishika Sanduku, naye akafa papo hapo kando yake. Msomaji aliyefundishwa kwamba Mungu huitazama nia ya moyo hujikuta njia panda, maana nia ya Uza, kwa kadiri simulizi linavyoionyesha, ilikuwa njema.

Jibu linalosikika mara nyingi ni lile la kumtafutia marehemu dhambi: kwamba alikuwa na kiburi, au kwamba kukaa na Sanduku nyumbani kwao kwa miaka mingi kulimfanya alizoee hata akaacha kulicha. Huenda ikawa hivyo, lakini matini yenyewe haisemi. Neno ambalo tafsiri ya Kiswahili ya Union Version inalitoa kama "kosa" ni la Kiebrania, *shal*, ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Kiebrania cha Biblia, na kwa sababu hiyo wajuzi wa lugha hiyo hawajakubaliana kama maana yake ni kosa, uzembe au ufidhuli. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, aliyekisimulia kisa hicho upya karne kadhaa baadaye, aliliacha neno hilo kando, akaandika tu kwamba sababu ilikuwa kunyosha mkono kwenye Sanduku. Naye Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, akaongeza kwamba Uza aliligusa Sanduku ilhali hakuwa kuhani. Yaonekana tangu zamani hizo wasimulizi walihisi kwamba kuna pengo katika kisa hiki, na kila mmoja akaliziba kwa udongo alioupata.

Njia ya uhakika zaidi ni kuanzia kwenye Sanduku lenyewe na namna lilivyopaswa kusafirishwa. Kwa vipimo vya Kitabu cha Kutoka, sura ya 25, lilikuwa la mti wa mshita uliofunikwa dhahabu, urefu wake dhiraa mbili na nusu, yaani kiasi cha sentimita 110 hivi, na upana na kimo chake dhiraa moja na nusu. Pembeni lilikuwa na vikuku vinne vya dhahabu, na ndani ya vikuku hivyo ikapitishwa miti miwili ya kulibebea ambayo haikuruhusiwa kuchomolewa kamwe, ili wabebaji wasiwe na haja ya kuligusa. Kazi hiyo walipewa Wakohathi, ukoo mmojawapo wa Walawi, na Kitabu cha Hesabu, sura ya 4, kinawaonya waziwazi kwamba hata wao wakivigusa vitu vitakatifu watakufa. Sura ya 7 ina jambo dogo ambalo wasomaji wengi huliruka: viongozi wa makabila walipotoa magari 6 na ng'ombe 12 kwa ajili ya kuhamisha hema, Wagershoni walipewa magari 2, Wamerari wakapewa 4, na Wakohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa mzigo wao ulikuwa wa mabegani.

Wazo la gari, basi, lilitoka wapi? Lilitoka kwa Wafilisti. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, waliambatana na Sanduku hadi vitani, ambako Waisraeli walilitumaini kana kwamba ni silaha, wakaanguka askari 30,000 na Sanduku likatekwa. Wafilisti, baada ya kupigwa na tauni mji hadi mji, walilirudisha juu ya gari jipya lililokokotwa na ng'ombe wawili wanaonyonyesha, ambao hawakuwahi kufungwa nira na ambao hawakuwa na mtu wa kuwaongoza, nao wakaenda moja kwa moja mpaka Beth-shemeshi. Daudi, aliyekuwa ameuteka Yerusalemu karibu na mwaka 1000 kabla ya Kristo na akitaka kuufanya kitovu cha ufalme na cha ibada kwa pamoja, alikusanya watu 30,000, idadi ile ile ya walioanguka vitani, akalitoa Sanduku nyumbani kwa Abinadabu, lilikokuwa limekaa tangu wakati huo, akalipandisha juu ya gari jipya, safari hii likiwa na waongozaji wawili, Uza na Ahio. Ni vigumu kuamini kwamba msimulizi aliiweka idadi hiyo bila kukusudia. Ng'ombe wa Wafilisti, wasio na mchungaji, hawakukengeuka. Wa Daudi, wenye wachungaji, walijikwaa.

Kwa mpangilio huo, mkono wa Uza ni tendo la mwisho katika mfululizo wa matendo ambayo hakuyaanzisha yeye. Sura ya 15 ya Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati inalisema hilo kwa kinywa cha Daudi mwenyewe, anayewaambia wakuu wa Walawi kwamba msiba ulitokea kwa sababu wao hawakulibeba Sanduku hapo kwanza, na kwa sababu taifa zima, naye akiwamo, halikumtafuta Mungu kwa utaratibu uliowekwa. Jina la Uza halitajwi katika maelezo hayo, na lawama inapanda juu, kwa mfalme na kwa wahudumu wa ibada. Hata hivyo swali la haki linabaki palepale, pengine limekuwa zito zaidi, kwa sababu aliyeamuru gari aliendelea kuishi na aliyetembea kando yake ndiye aliyezikwa.

Wafafanuzi wengine hujaribu kulipunguza uzito swali hilo kwa kuieleza maana ya utakatifu. Neno la Kiebrania *kadoshi*, lililotafsiriwa "takatifu", halihusu kwanza usafi wa tabia bali hali ya kutengwa, ya kitu kilicho upande wa Mungu, ambacho mwanadamu hakifikii ila kwa masharti. Rudolf Otto, mwanateolojia wa Ujerumani, katika kitabu chake *Das Heilige* cha mwaka 1917, alieleza kwamba mtu aliyekutana na utakatifu huvutwa nao na kutetemeshwa nao kwa wakati mmoja. Kutokana na mawazo ya namna hii umezoeleka mfano wa umeme, kwamba anayeshika waya hafi kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu ameshika waya. Mfano huo unasaidia hadi mahali fulani, kwa sababu unatenganisha hatari na adhabu. Adhabu hutaka uwiano kati ya kosa na malipo, hatari haiujui uwiano huo. Lakini umeme haukasiriki, na Kitabu cha Samweli kinasema kwa uwazi kwamba hasira ya Mungu iliwaka juu ya Uza. Anayeutegemea mfano huo mpaka mwisho atakuwa ameifuta sentensi iliyomleta kwenye swali.

Palipo na utajiri zaidi ni katika mstari unaofuata, ambao wahubiri huupita haraka. Daudi naye alikasirika. Kwa Kiebrania, kitenzi kinachoieleza ghadhabu ya Mungu juu ya Uza na kile kinachomhusu Daudi ni kimoja, ingawa Union Version, pengine kwa kuona haya, imeandika "hasira" kwa Mungu na "uchungu" kwa mfalme. Daudi akapaita mahali pale Peres-uza, jina lililotokana na shina lenye maana ya kubomoa na kupenya kwa nguvu kama maji yavunjavyo kingo. Watafsiri wa Kiswahili walitumia hapo kitenzi "kufurikia", na walifanya vyema, kwa sababu sura moja tu nyuma yake Daudi alikuwa amepaita mahali pengine Baal-perasimu, kwa shina hilohilo, alipofurahi kwamba Mungu amewafurikia Wafilisti. Mfalme aliyeshangilia mafuriko yalipowakumba adui zake anaona sasa maji yale yale yakiingia uani kwake. Simulizi halimkemei kwa kukasirika kwake, wala Mungu hamjibu. Katika karne ya 2 Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma, alilikata fundo kwa kumkataa Mungu wa Agano la Kale kabisa. Lakini kitabu alichokitupa kilikuwa tayari kimempa nafasi, ndani ya kurasa zake, mtu anayeona kwamba jambo hili halivumiliki.

Marabi wa Kiyahudi waliitumia nafasi hiyo kwa namna yao. Katika Talmudi, hasa sehemu iitwayo Sota, wanamlaumu Daudi kwa kusahau sheria ya mabegani ambayo hata watoto wa shule huijua, na wanadai kwamba Sanduku ndilo lililowabeba wabebaji wake, hivyo halikuwa na haja ya kushikwa na mtu. Humo humo mmoja wao anasema kwamba Uza aliingia katika ulimwengu ujao, kwa hoja kwamba maandiko yanasema alikufa pamoja na Sanduku, na kama Sanduku lidumuvyo, ndivyo naye atakavyodumu. Ni hoja ya kisarufi, iliyojengwa juu ya kihusishi kimoja, na mtaalamu wa leo anaweza kuitilia shaka. Lakini inatenganisha mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya, kufa kwa mkono wa Mungu na kukataliwa na Mungu.

Kwa hofu, Daudi hakulipeleka Sanduku Yerusalemu siku ile, bali aliligeuzia nyumbani kwa Obed-edomu, ambaye Samweli anamwita Mgiti, jina ambalo kwa kawaida humtambulisha mtu wa Gathi, mji wa Goliathi. Mambo ya Nyakati yana Obed-edomu miongoni mwa Walawi walinzi wa malango. Samweli hakuona haja ya kumpa ukoo huo. Sanduku lilikaa kwake miezi 3, na nyumba yake yote ikabarikiwa. Daudi alipolifuata tena, gari halitajwi. Wanatajwa wabebaji, na baada ya hatua 6 tu msafara ukasimama, ikatolewa sadaka, kisha mfalme akacheza kwa nguvu zake zote. Neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa "nguvu" ni *ozi*, na jina la Uza limetoka katika shina hilo hilo.