Domodomo, Samaki Mwenye Umeme Wake

Domodomo ni samaki wa Ziwa Victoria anayezalisha umeme mwilini mwake. Wataalamu humwita Mormyrus kannume. Katika mialo ya Kemondo, Bukoba, na visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba, hutambulika kwa macho madogo na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini.

Mtambo wake uko mkiani, kwenye sehemu nyembamba kabla ya pezi la mwisho. Hapo zimo safu nne za seli bapa zilizotokana na misuli, ila haziwezi tena kujikunja. Kila seli husukuma nje chembe za sodiamu zenye chaji chanya, na ndani hubaki chaji hasi. Ubongo ukitoa amri, vijilango vya seli hufunguka na sodiamu huingia kwa kasi. Seli moja hutoa sehemu ndogo tu ya volti, lakini zote hufyatuka kwa pamoja na volti zao hujumlishwa, kama betri zilizopangana ndani ya tochi.

Mkunga wa umeme wa Amerika Kusini hutumia mbinu hiyohiyo, akiwa na maelfu ya seli. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kumpima mmoja aliyetoa volti 860. Yeye hupiga shoti kupooza windo na kumfukuza adui. Domodomo ni mpole: umeme wake ni hafifu mno, na mvuvi humshika kwa mikono miwili bila kuruka.

Kazi ya umeme huo ni kupapasa gizani. Usiku, domodomo huzungukwa na uga wa umeme majini. Jiwe huupindisha kwa namna moja, kiluwiluwi cha mdudu kwa namna nyingine, na vipokezi vya ngozi hutambua tofauti. Kisha mdomo mrefu huchokoa tope na kutoa mlo. Mipigo ya umeme huohuo ndiyo salamu kwa wenzake. Umeme huo haukatiki mvua ikinyesha, wala hauna bili ya mwisho wa mwezi.

Gharama yake hulipwa kwa chakula na hewa. Kwa ndugu mmoja wa domodomo, ubongo unaochambua taarifa za umeme huo hutumia takriban asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili; wa binadamu hutumia asilimia 20 hivi. Mkunga ana volti nyingi, lakini kwa kutumia umeme kidogo kufahamu mengi, domodomo ndiye fundi.