Reli iliyokosa treni: Kilomita 36 za baiskeli milimani bila honi nyuma yako

KAMA umewahi kuendesha baiskeli Jogoo Road saa kumi na moja jioni, unaijua ile hofu. Unasikia mathree ikija nyuma, muziki juu, makanga amening'inia mlangoni akikupigia kelele: "Songa! Songa!" Na huna pa kusongea. Kushoto ni mtaro, kulia ni nduthi iliyobeba magunia. Unashika usukani kwa nguvu, unanyamaza, unaomba ipite salama. Ukifika nyumbani mamako anakuuliza kama bado unaendelea na hiyo mambo yako ya baiskeli, na huna jibu la maana.

Wengi wetu tuliachia hapo. Si uvivu, na si kukosa baiskeli. Ni kwamba watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na hakuna anayetaka kuongezwa kwenye hesabu hiyo.

Sasa hebu fikiria siku nzima ya kupiga pedali milimani ambapo kelele pekee ni ya cheni yako na kengele za mbuzi upande wa pili wa bonde. Hakuna basi, hakuna lori. Mahali hapo pako kusini mwa Uhispania, kati ya miji midogo ya Puerto Serrano na Olvera, katika milima ya mkoa wa Cádiz. Njia yenyewe inaitwa Vía Verde de la Sierra, yaani njia ya kijani ya milimani. Ina urefu wa kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja manne marefu yanayopita juu ya mabonde.

Na kisa cha jinsi ilivyopatikana ndicho hasa kilichonifanya nikuandikie haya.

Mradi uliokwama

Miaka ya 1920, serikali ya Uhispania iliamua kujenga reli ya kuunganisha mji wa Jerez na Almargen, kupitia milima hii. Wafanyakazi walipasua mawe, wakachimba mahandaki, wakainua madaraja, wakajenga stesheni. Kisha pesa zikawa shida, siasa zikachafuka, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Vilipoisha mwaka 1939 nchi ilikuwa hoi. Mradi ulisuasua, kisha ukaachwa.

Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kupanda treni kwenye sehemu hii. Stesheni zilisimama zikimngoja msafiri ambaye hakuja. Kwa miaka mingi zilikuwa magofu, na wanakijiji wakipita ndani ya mahandaki na mifugo yao.

Unaijua hadithi ya namna hii, sivyo? Kila kaunti ina jengo lake lililoishia kwenye ghorofa ya pili na chuma kutu kikichungulia juu. Kwetu likikwama, limekwama. Linabaki kuwa hoja ya kampeni.

Uhispania mwaka 1993 ilianzisha mpango wa kitaifa wa kugeuza reli zisizotumika kuwa njia za baiskeli na za watembea kwa miguu. Leo mpango huo una zaidi ya kilomita 3,000 za njia kama hizi kote nchini. Nyingine zilikuwa za kubeba makaa ya mawe au chuma. Kule Jaén na Córdoba kuna moja ya kilomita 128 iliyofuata reli ya kusafirisha mafuta ya zeituni. Ile ya Puerto Serrano ni ya kipekee kwa sababu ilirithi reli ambayo haikumaliza hata kuzaliwa.

Mbona milima haitakuua

Najua unachowaza. "Milima? Mimi ambaye napanda ngazi za ofisi nikihema?"

Tulia. Treni ni nzito na magurudumu yake ya chuma huteleza, kwa hivyo haiwezi kupanda mlima mkali. Mhandisi wa reli akikutana na kilima ana njia tatu: akizunguke, akitoboe, au ajaze bonde na kuweka daraja. Ndiyo maana ukatoka na mahandaki 30 kwa kilomita 36. Kazi ngumu ilishafanywa na watu wa sururu na baruti karibu miaka 100 iliyopita. Wewe unapanda mteremko wa pole pole usioukaribia hata ule wa kutoka Kawangware kuelekea Lavington.

Kutoka Puerto Serrano kwenda Olvera utakuwa unapanda kidogo kidogo. Kurudi, baiskeli karibu ijiendeshe yenyewe. Kwa hivyo anza kwa kupanda ungali na nguvu, ulale Olvera, kisha ushuke kesho yake. Kwenda na kurudi ni kilomita 72. Mtu wa kawaida asiye na haraka ataimudu kwa siku mbili, begi likiwa limefungwa kwenye keria.

Siku yenyewe

Mwanzoni utafuata bonde la mto Guadalete. Hiyo "Guad" ilitokana na neno la Kiarabu wadi, bonde au mto, kwa kuwa Waislamu walitawala eneo hili kwa karne kadhaa. Utaona mashamba ya mizeituni yaliyopangwa kwa mistari hadi upeo wa macho. Ukisimama kunywa chai utaletewa mkate uliochomwa na mafuta yaliyokamuliwa karibu na hapo. Mhispania huyaita aceite, neno lililotoka kwenye shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "zeituni".

Kisha mahandaki yanaanza. Ukitoka kwenye jua kali ghafla unaingia gizani, baridi inakupiga kifuani, na unasikia matone ya maji yakidondoka. Lile refu zaidi linakaribia kilomita moja. Yale marefu yamewekewa taa, lakini usizitegemee. Beba yako ya mbele na ya nyuma. Na upunguze mwendo, kwa sababu njia hii unagawana na watembeao kwa miguu, wazee wanaonyoosha viungo, hata farasi. Hapa wewe ndiye mathree. Piga kengele mapema, mpishe mwenye miguu.

Mara moja moja utakutana na trekta la mkulima anayekwenda shambani kwake, au njia itakatana na barabara ndogo. Zaidi ya hapo, magari hayakuhusu.

Kabla hujafika nusu ya safari utapita stesheni ya Coripe, na baada yake Zaframagón, penye jabali kubwa la mawe lililosimama peke yake. Simama hapo. Inua macho.

Ndege wa kwetu

Juu ya jabali la Zaframagón wanazunguka tumbusi, wengi, mabawa yametandazwa kama meza. Ni hifadhi ya mazingira, na stesheni ya hapo, ile ambayo treni haikufika, imegeuzwa kituo cha kufundishia watu kuhusu ndege hawa. Kamera imeelekezwa jabalini, nawe unaona kwenye skrini mzazi akilisha kinda bila kumsumbua.

Hapo kuna jambo litakalokugusa ukiwa Mkenya. Katika miongo ya karibuni, wataalamu wa ndege wamekuwa wakiwaona kusini mwa Uhispania tumbusi wa aina ya Rüppell, ambao asili yao ni Afrika. Huvuka bahari pale Gibraltar wakifuatana na wenzao wa Ulaya. Aina hiyo hiyo hutaga kwenye majabali ya Hell's Gate, pale Naivasha. Huku kwetu wanapungua, na sababu moja kubwa ni sumu inayotiwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi. Tumbusi huja kula, na wanakufa wengi kwa mara moja.

Ngome na chokaa

Olvera utauona kutoka mbali: nyumba nyeupe pepepe za chokaa zimepanda kilima, na juu kabisa ngome ya zamani na kanisa vikiangaliana. Stesheni iko chini, nje ya mji. Kwa hivyo ile kilomita ya mwisho si ya treni tena, ni kilima cha kweli. Shuka, sukuma baiskeli, hakuna aibu.

Ukifika saa nane mchana usishangae maduka yakiwa yamefungwa. Watu wamekwenda kula na kupumzika, watafungua jioni. Beba maji na chakula chako. Na usiende Julai au Agosti, maana joto huko linaweza kufika nyuzi 40. Machi hadi Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Novemba, ndio wakati.

Tuongee pesa

Sitakudanganya kwamba hii ni safari ya mfuko mwepesi. Ukiwa na pasipoti ya Kenya unahitaji visa ya Schengen. Ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukinyimwa. Utahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000 na ushahidi kwamba utajimudu. Unaweza kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Usisubiri dakika ya mwisho.

Habari njema ni kwamba huna haja ya kusafirisha baiskeli. Za kukodisha zinapatikana kwenye njia yenyewe. Uwanja wa ndege wa Sevilla au Jerez utakutosha, kisha basi au gari hadi milimani.

Ukikodisha baiskeli, kagua breki na gia kabla hujalipa, na uulize kama wanakupa pampu na tyubu ya akiba. Pancha katikati ya mahandaki haina fundi wa kando ya barabara.

Kilichobaki kwetu

Labda hutaenda Olvera mwaka huu. Labda hutaenda kamwe. Bado kisa hiki ni chako.

Vijiji vya milima ile vilipoteza vijana wao kwa miongo mingi. Walienda Barcelona, wengine Ujerumani, kutafuta kazi, jinsi sisi tulivyoacha ushago tukaja Nairobi. Njia ya baiskeli haijawarudisha wote. Lakini ndani ya stesheni zilizokuwa magofu sasa kuna mtu anayepika, mwingine anayetandika vitanda, mwingine anayetengeneza baiskeli, na wanalala kwao.

Sisemi tung'oe kila reli ya zamani. Ile ya Nairobi kwenda Nanyuki ilikuwa imemezwa na nyasi, na mwaka 2020 treni ikarudi, heri hivyo. Ninachosema ni kwamba ule utulivu wa Puerto Serrano haukushuka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa mezani wakaamua kipande hiki cha ardhi ni cha mtoto, mzee na mwenye baiskeli, na gari litafute pengine. Uamuzi wa aina hiyo hauhitaji milima wala mahandaki. Unahitaji diwani anayeulizwa swali na vijana wasioacha kuuliza.

Kwa sasa, Jumamosi hii, baiskeli iliyolala kwenye balkoni ipulize vumbi. Iingize Karura asubuhi kabla watu hawajajaa. Ukiwa na nauli ya ziada, nenda Naivasha, kodisha moja langoni Hell's Gate, upite kati ya pundamilia hadi kwenye majabali. Ukifika, inua macho uwatafute tumbusi.

Kisha ukirudi Jogoo Road Jumatatu, mathree ikikupigia honi, utajua kwamba si lazima iwe hivi.