Kiti cha kinyozi chauza imani, malipo yaenda kwingine

VINYOZI Weusi wa Marekani walioingia katika kampeni ya chanjo ya Uviko-19 mwaka 2021 walipeleka sokoni bidhaa isiyoandikwa kwenye ubao wowote wa bei. Bidhaa hiyo ni imani ya mteja. Mahitaji yake yalipanda ghafla. Serikali iliihitaji, vyuo vikuu viliihitaji, hospitali ziliihitaji. Lakini bei aliyolipwa mwenye bidhaa haikupanda kwa kiasi hicho.

Sababu ya mahitaji hayo inaeleweka. Weusi wa Marekani walikufa kwa wingi katika janga hilo, na mwaka 2020 pekee wastani wa umri wao wa kuishi ulishuka kwa takriban miaka 3. Hata hivyo wengi walisita kuchanjwa chanjo zilipoanza kutolewa Desemba 2020. Kumbukumbu ya Tuskegee, Alabama, ilikuwa haijafutika. Huko idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi 600 kuanzia 1932 hadi 1972. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, nao hawakupewa penisilini hata baada ya dawa hiyo kuwa tiba ya kawaida.

Mtu wa namna hiyo hamsikilizi ofisa wa serikali kwenye televisheni. Humsikiliza anayemnyoa kila wiki mbili, anayewajua watoto wake kwa majina na aliyemnyoa baba yake kabla yake.

Hesabu ya kiti

Ili kuelewa nani alibeba gharama, ni lazima kwanza kuangalia jinsi duka la kinyozi linavyoendeshwa. Katika maduka mengi ya Marekani kinyozi si mwajiriwa. Hukodi kiti kwa wiki, humlipa mwenye duka kodi ya kiti, na kinachobaki ni chake. Mwenye duka naye hukusanya kodi za viti ili alipe pango la jengo, umeme na bima. Mteja asipokuja, mnyororo wote hukatika siku hiyo hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2020, majimbo mengi yalipoamuru maduka ya vinyozi yafungwe. Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuruhusu yafunguliwe tena, Aprili 24, 2020. Lakini hasara ilikuwa imeshaingia. Hesabu za mchumi Robert Fairlie zilionyesha kuwa kati ya Februari na Aprili 2020 idadi ya wenye biashara Weusi waliokuwa wakifanya kazi ilishuka kwa asilimia 41. Kwa wenye biashara Wazungu, idadi ilishuka kwa asilimia 17.

Mikopo ya serikali ya kulinda mishahara ilianza kutolewa Aprili 3, 2020, ikiwa na fungu la dola bilioni 349. Waliojiajiri wenyewe, kundi walimo vinyozi wengi, waliruhusiwa kuomba kuanzia Aprili 10. Aprili 16 fungu likaisha. Anayekodi kiti alipata siku 6 tu za kupanga foleni, tena bila ofisa wa benki anayemjua. Fungu la pili liliongezwa baadaye mwezi huo, lakini ilichukua hadi Machi 2021 ndipo kanuni ikabadilishwa ili aliyejiajiri akopeshwe kwa kuangalia mapato yake ghafi badala ya faida halisi, ambayo kwenye karatasi mara nyingi ni ndogo.

Kwa hiyo maduka yalipoombwa kusaidia afya ya umma, mengi yalikuwa bado yanaziba mashimo ya mwaka uliotangulia.

Maneno peke yake hayatoshi

Wazo lenyewe halikuzaliwa na janga. Daktari Ronald Victor wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, alilipima kwa shinikizo la damu na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Wanaume Weusi 319 wenye presha ya juu waligawanywa kufuata maduka 52 ya vinyozi. Kundi moja lilishauriwa na kinyozi kubadili maisha na kwenda kwa daktari. Kundi la pili lilikutana na mfamasia hapo hapo dukani, akapima na kuandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja.

Baada ya miezi 6, kipimo cha juu cha presha kilishuka kwa wastani wa milimita 9.3 za zebaki katika kundi la kwanza. Katika kundi la mfamasia kilishuka kwa milimita 27. Waliofika chini ya 130/80 walikuwa asilimia 63.6 katika kundi la mfamasia, dhidi ya asilimia 11.7.

Takwimu hizo zinamwambia mfanyabiashara jambo moja kubwa. Imani ya kinyozi humleta mteja, lakini tija kubwa huonekana pale huduma yenyewe inapowekwa karibu na kiti. Duka ni jukwaa la mauzo, na jukwaa tupu haliuzi.

Juni 2, 2021 Ikulu ya Marekani ilitangaza mpango wa kushirikisha maduka 1,000 ya vinyozi na saluni za Weusi. Washirika walikuwa Muungano wa Weusi Dhidi ya Uviko, kampuni ya bidhaa za nywele ya SheaMoisture, na kituo cha usawa wa afya cha Chuo Kikuu cha Maryland kinachoongozwa na Profesa Stephen Thomas, ambaye alikuwa akifanya kazi na vinyozi miaka mingi kabla ya janga. Vinyozi walifundishwa kujibu maswali ya wateja, na maduka yakageuzwa kuwa vituo vya chanjo kwa siku maalumu.

Kufikia 2022 pengo la uchanjaji kati ya Weusi na Wazungu lilikuwa limepungua sana. Sifa hiyo ni ya wengi, yakiwemo makanisa, madaktari Weusi na majirani waliogonga milango.

Nani alilipwa?

Chanjo ilikuwa bure kwa mwananchi, lakini haikuwa bure kwa mfumo. Kuanzia Machi 15, 2021 bima ya serikali ya wazee ililipa takriban dola 40 kwa kila dozi iliyodungwa. Malipo hayo humfuata aliyeshika sindano. Aliyetumia dakika 30 akinyoa na kumtoa mteja hofu hana mstari katika ankara hiyo. Kwake hubaki msaada na ruzuku, fedha ambazo huja na tarehe ya mwisho. Hali ya dharura ya kitaifa kuhusu afya ilifungwa Marekani Mei 11, 2023. Presha na kisukari havikufungwa siku hiyo.

Historia inaonyesha njia nyingine. John Merrick, kinyozi wa Durham, North Carolina, aliyezaliwa utumwani, alishirikiana na daktari Aaron Moore na wenzao kuanzisha kampuni ya bima ya North Carolina Mutual mwaka 1898. Alonzo Herndon, kinyozi wa Atlanta aliyezaliwa utumwani pia, alinunua chama cha kuzikana kwa dola 140 mwaka 1905 na kukijenga hadi kikawa Atlanta Life. Wote wawili walipata mtaji kwa kunyoa matajiri Wazungu, wakauweka katika kulinda maisha ya Weusi. Hawakukopesha jina lao kwa kampeni ya mtu mwingine. Walimiliki hisa.

Kwa mwenye duka la leo anayefuatwa na shirika linalotaka kupima presha kwenye kiti chake, mazungumzo ya biashara yaanzie hapo: kodi ya nafasi kwa siku, malipo ya muda wa kinyozi, na mkataba unaotaja miezi. Wateja aliowapata kwa miaka 20 ni mali yake, na mali hukodishwa kwa bei iliyoandikwa.